Sauti Inapolemea Neno Moja

Tangu mtoto wa kaka yangu aje kuishi nasi, nimekuwa nikiangalia kwa makini namna tunavyosema, si yale tu tunayoyasema. Ana usonji (autism), anazungumza vizuri, na huimba kaswida alizozisikia bila kukosea kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, kwa hiyo sikubali ninapoambiwa kwamba hazisikii tofauti za sauti. Hata katika majaribio ya kitaalamu, wapo wenye usonji waliozitambua tofauti ndogo za kidatu vizuri kuliko wenzao.

Ugumu, nionavyo mimi, uko katika kukisia kwa nini msemaji amelilemea neno hili na si lile. Mtafiti Sue Peppé na wenzake walitunga jaribio la watoto wanaozungumza Kiingereza linalogusa jambo hilo hasa: mtoto husikia mtu akisema alitaka soksi za bluu na nyeusi, sauti ikiwa imeilemea rangi moja, kisha hutakiwa kutaja rangi ambayo mtu huyo hakuipata. Katika sentensi hakuna neno linalosema ni rangi ipi iliyokosekana. Jibu lote limo katika mkazo.

Juzi nilimwomba kikombe chekundu, nikalikazia neno la rangi kwa sababu alikuwa ameshika cha bluu. Akaniuliza, kwa utulivu kabisa, “Shangazi, mbona umelipaza hilo neno?” Alikuwa ameusikia mkazo kwa usahihi, lililobaki ni kuelezwa kazi yake. Nikasema, “Chekundu ndicho ninachokitaka, si hicho cha bluu,” naye akakileta mara moja.

Nashukuru kwamba Kiswahili kinatupa nafasi hiyo, kwa kuwa mkazo wa neno kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na msisitizo tunaweza kuuweka wazi kwa “ndiye”, “ndicho”, au kwa kubadili mpangilio wa maneno. Hata hivyo sitaki tumzungumzie kwa sauti bapa. Ninamtamkia neno kwa mkazo na kumweleza papo hapo mkazo huo unakanusha nini, ili avipate vyote viwili pamoja.

Kinachoniuma ni watu wazima wanaoudhika wanapolazimika kumfafanulia walichodhani wamekwisha kukisema. Wiki ijayo nitamwomba mwalimu wake, anapotoa maagizo kwa mdomo, alitaje waziwazi pia lile analolikataza, kwa sababu mtoto huyu yuko tayari kuyafuata maagizo akielezwa.