Metfomini na mashine ya sukari: wiki za mwanzo

Aliyegunduliwa kuwa na kisukari aina ya 2 mara nyingi huanzishiwa dawa ya metfomini na kuambiwa atafute mashine ya kupimia sukari ya damu nyumbani. Foleni ikiwa ndefu, maelezo huwa mafupi, na hapo ndipo makosa huanza. Haya yanamhusu mtu mzima asiye mjamzito na asiyetumia insulini.

Dozi ya kuanzia kwa kawaida ni kidonge kimoja cha miligramu 500 kwa siku. Baada ya wiki moja, tumbo likikubali, huongezwa cha pili: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Daktari huendelea kupandisha taratibu, na kikomo ambacho wengi huwekewa ni miligramu 2000 kwa siku. Sababu ya kwenda polepole ni tumbo. Dawa hii huleta kuhara, gesi, kichefuchefu na ladha kama ya chuma mdomoni, hasa ikianzwa kwa dozi kubwa. Imeze katikati ya mlo, ukiwa umeshakula nusu ya sahani. Kumeza alfajiri na chai ya rangi peke yake ni kujitafutia kichefuchefu. Kwa wengi tumbo hutulia ndani ya wiki chache. Lisipotulia, usiache dawa kimyakimya. Mwambie daktari akurudishe dozi ya nyuma au akupe vidonge vinavyoachia dawa taratibu, ambavyo pakiti yake huandikwa XR au SR. Hivyo havivunjwi wala havitafunwi. Ukiona ganda lake chooni usishtuke, dawa yenyewe imeshaingia mwilini.

Kabla ya kuanza, damu ipimwe kuona hali ya figo, kwa sababu metfomini hutolewa mwilini kupitia figo. Na siku unayotapika au kuharisha sana hata maji hayakai, wasiliana na kliniki upesi: kwa kawaida dawa husimamishwa hadi utakapokula na kunywa vizuri. Mwili uliokauka maji huchosha figo, dawa hulundikana, na asidi ya laktiki inaweza kupanda kwenye damu. Hutokea kwa nadra, lakini ni hatari kweli.

Metfomini ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamaidi, dawa nyingine ya kisukari, ni habari nyingine kabisa. Yenyewe husukuma kongosho kutoa insulini, uwe umekula au hujala. Ukiandikiwa hiyo, mlo hauchelewi, na kama unataka kufunga Ramadhani, onana na daktari wiki kadhaa kabla ili apange upya dozi. Mikono ikitetemeka, jasho likikutoka na moyo ukienda mbio, pima. Ukikuta chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L, kinachoelezwa chini), koroga vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kisha pima tena baada ya dakika 15. Ikipanda, kula chakula, kwa sababu dawa hii hukaa muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Sasa mashine. Usichague kwa bei ya mashine, chagua kwa bei ya stripu, yaani vile vijikaratasi vya kupokelea damu, maana mashine unanunua mara moja. Uliza duka la dawa la karibu kama stripu za aina hiyo hupatikana mwaka mzima. Kopo lake lifungwe mara tu unapotoa moja, kwa sababu unyevu huziharibu, na pwani unyevu upo kila siku. Zisikae kwenye friji wala ndani ya gari juani. Andika kwenye kopo tarehe uliyolifungua, kwani aina nyingi zina muda maalumu wa kutumika baada ya kufunguliwa.

Nawa mikono kwa sabuni na maji, kausha kabisa. Aliyetoka kumenya embe akipima bila kunawa atasoma sukari ya embe, na kujifuta kwa spiriti pekee hakutoshi. Ninginiza mkono kidogo damu ishuke, toboa pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati ambako panauma zaidi, na badilisha vidole. Usikamue kwa nguvu. Maji yaliyo kwenye nyama ya kidole huchanganyika na damu na namba huharibika. Kisindano ni cha mtu mmoja, hata kwa mume na mke, kwa sababu homa ya ini B huambukizwa hivyo. Vilivyotumika viweke kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, ikijaa uipeleke kituo cha afya.

Watu huumizwa sana na namba ya asubuhi. Umelala bila kula, unaamka na 9. Sukari hiyo imetoka kwenye ini, ambalo alfajiri hufungulia akiba yake, na hapo hasa ndipo metfomini hufanya kazi. Ipe wiki kadhaa. Lengo la watu wazima wengi ni 4 hadi 7 kabla ya kula na chini ya 10 saa mbili baada ya kula, kwa kipimo cha mmol/L. Mashine yako ikionyesha 126, inasoma mg/dL: gawanya kwa 18 upate 7.

Tofauti ya 7.8 na 8.3 isikusumbue. Kiwango cha kimataifa chenyewe huiruhusu mashine kupishana na maabara hadi asilimia 15. Upungufu mkubwa wa damu huifanya isome juu zaidi, na mwenye selimundu amkumbushe daktari, kwani kipimo cha HbA1c, kile cha maabara kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, kinaweza kumdanganya.

Stripu zikiwa chache, usizitapanye kwa kupima ovyo. Pima kwa jozi: kabla ya ugali, halafu saa mbili tangu tonge la kwanza. Siku nyingine fanya hivyo kwa wali, au kwa uji na mihogo. Andika saa, chakula na kiasi chake kando ya namba, kwa kuwa 11 isiyo na maelezo haimsaidii daktari kuamua dozi. Ikizidi 15 mara kwa mara, nenda kliniki bila kusubiri tarehe yako. Ukiwa unatapika pia, au unapumua kwa kasi, nenda hospitali siku hiyo hiyo na daftari lako mkononi.