Mtoto Aliyenyamaza: Nilivyojiandaa kwa Usaili wa Idara ya Dharura

Usaili wangu wa kwanza wa kazi ya uuguzi katika idara ya dharura haukuzidi dakika 20, nami nilitoka nikijua kabisa kwamba kazi nimeikosa. Swali lililoniangusha halikuwa gumu. Nilielezwa kwamba wagonjwa 3 wamefika kwa wakati mmoja na mimi ndiye muuguzi pekee mlangoni: kijana aliyevunjika mkono anayelia kwa sauti inayosikika hadi nje, mzee anayesema kifua kinambana huku jasho likimtiririka, na mtoto wa miaka 2 aliyebebwa na mama yake, amelegea, kimya. Nianze na nani? Nilianza na mzee, na badala ya kusema ningemfanyia nini, nikawa ninataja visababishi vya maumivu ya kifua kama mtu anayejibu mtihani wa darasani. Nilipofika kisababishi cha nne, msaili mmoja aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake akaniuliza kwa upole, "Na mtoto?"

Nililitafakari swali hilo kwa siku nyingi. Kijana anayelia, hata bila kuulizwa, ameshatueleza kwamba njia yake ya hewa iko wazi, kwamba hewa inaingia, na kwamba ubongo wake unapata damu ya kutosha kumfanya alalamike. Mtoto aliyelegea hajatueleza lolote, na ukimya wake ndio unaotakiwa kumshtua muuguzi. Jibu nililopaswa kutoa ni kwamba ningeita msaada papo hapo, nimwangalie mtoto kwanza kama anapumua na kama anaitika, na wakati huohuo nimwombe mwenzangu amlaze mzee na kumfanyia kipimo cha umeme wa moyo, ambacho miongozo mingi inataka kifanyike na kusomwa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Kijana angesubiri, lakini hangesahaulika: mkono ungeegemezwa, angepewa dawa ya maumivu, na vidole vyake vingekaguliwa rangi, joto na hisia, kwa kuwa mfupa uliovunjika unaweza kubana mshipa wa damu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba muuguzi mpya hapimwi kwa wingi wa anayoyajua. Wasaili wanajua kuwa hujui mengi. Wanachotaka kusikia ni unaanza na nini, unafuatisha nini, na ni wakati gani unaita mtu anayekuzidi.

Kwa hiyo niliweka kando vitabu vinene nikaanza kuzoeza mdomo. Mpangilio wenyewe kila muuguzi ameufundishwa: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumfunua mgonjwa na kumkagua mwili mzima bila kumwacha apate baridi. Ugumu wake ni kutosonga mbele kabla ya kushughulikia tatizo ulilolikuta. Nilimpa dada yangu kadi nilizoandika visa mbalimbali, naye akawa ananisomea kimoja kimoja huku ameshika simu inayohesabu dakika 2. Dada hajawahi kufanya kazi hospitalini, na hilo lilinisaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kila niliposema "ningempima mgonjwa", aliuliza, "Unampima nini?" Nilichukia swali hilo kwa wiki nzima, hadi nilipozoea kusema: ninahesabu anapumua mara ngapi kwa dakika, ninaangalia kama kifua kinapanda sawa pande zote mbili, ninapima kiwango cha oksijeni.

Takwimu nilizijua, ila nilizijua vibaya. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, lakini mara 28, ambazo kwake ni dalili ya hatari, kwa mtoto wa miaka 2 ni kawaida. Vivyo hivyo kipimo cha fahamu cha Glasgow, ambacho nilikuwa ninasema kinaanzia 0, kumbe hata asiyeitika kabisa hupewa 3, na mwenye fahamu kamili 15. Kuhusu kukandamiza kifua, yaani mara 100 hadi 120 kwa dakika na kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, nilifanyia mazoezi mto wangu wa kitandani, na mto huo haujarudia umbo lake hadi leo.

Jambo jingine nililolizoeza kwa sauti ni kumpigia daktari simu. Nilijiwekea utaratibu wa kueleza hali ilivyo sasa, historia fupi, ninavyoona mimi, na ninachoomba. Kwa mfano: "Daktari, mimi ni muuguzi wa kitanda cha 4. Mama wa miaka 58, ameletwa na homa na maumivu ya ubavu tangu jana. Shinikizo la damu limeshuka kutoka 118 kwa 70 hadi 86 kwa 50, mapigo ni 124, na ameanza kuchanganyikiwa. Ninahofia maambukizi yameingia kwenye damu. Naomba uje sasa. Je, niweke dripu na kuchukua damu ya maabara wakati ninakusubiri?" Wengi wetu husahau hilo ombi la mwisho, tukamwachia daktari akisie tunataka nini.

Niliitwa kwenye usaili wa pili. Wasaili waliponitaka nieleze kosa langu, sikuleta lile jibu la kuchosha kwamba ninafanya kazi kupita kiasi. Nilisimulia siku ya mafunzo kwa vitendo nilipokaribia kumpa mgonjwa dawa ya jirani yake mwenye jina linalofanana, nikazuiwa na kusoma mkanda wa mkononi, na nikamweleza msimamizi siku hiyohiyo. Mavazi na vyeti sina la kusema, ila viandae usiku uliotangulia.

Katika usaili huo wa pili hawakunigusia habari za mtoto. Waliniuliza kuhusu mtu mzima aliyeanguka kwenye korido na hapumui. Nilisema ningeita msaada, nipapase mapigo kwa muda usiozidi sekunde 10, na nisipoyapata nianze kukandamiza kifua. "Utaendelea hadi lini?" msaili aliuliza. Nikajibu kwamba ningeomba mwenzangu anipokee kila baada ya dakika 2, kwa sababu mikono ikichoka kifua hakishuki tena inavyotakiwa, jambo ambalo mto ulinifundisha vizuri. Wiki 3 baadaye nilianza kazi, na zamu yangu ya kwanza ilikuwa ya usiku.