Pofu Aliyenirudisha Kambini Mikono Mitupu

Pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, husikika kabla ya kuonekana. Anapotembea, miguu yake ya mbele hutoa mlio mkavu, kama mtu anayealisha vidole, na watafiti wanauhusisha na kano inayoteleza juu ya goti. Mzee aliyekuwa akinifuatilizia nyayo aliusikia kwanza, akanishika bega, akatikisa kijifuko chake cha majivu. Vumbi jeupe likaelea kutujia usoni. Upepo ulikuwa upande wetu.

Hayo yalitokea katika pori la miombo kusini mwa Tabora, mwishoni mwa kiangazi, wakati miti inapoanza kutoa majani mekundu kabla mvua haijanyesha. Nilikuwa na leseni halali ya pofu dume mmoja, niliyoilipia kwa fedha ambazo mke wangu alikuwa ameshazipangia kazi nyingine, na tulikuwa tumetembea tangu alfajiri pamoja na askari wa wanyamapori. Wakatokea wanane: majike, ndama wawili, na nyuma yao dume mkubwa wa rangi ya kijivu, shingo imemning'inia, na kwenye paji la uso kishungi cha manyoya meusi. Nikaegemeza bunduki kwenye shina la mti na kumtafuta kwa darubini.

"Piga, mwanangu," mzee alininong'oneza.

"Ngoja kidogo, mzee."

Nilisema hivyo kwa sababu jike mmoja alikuwa amesimama nyuma ya dume, na risasi ya bunduki kubwa inaweza kupita mwili mmoja ikaingia wa pili. Nisijipambe: hapo sikuwa na huruma yoyote, nilikuwa nasubiri nafasi. Jike akasogea, nafasi ikapatikana, na wakati huohuo dume akainua kichwa, akaliingiza tawi la mlama katikati ya pembe zake zilizosokotwa, akaanza kulipinda. Alilipinda taratibu, akiegemeza uzito wake wote, hadi likavunjika na kuning'inia. Ndama, ambao shingo zao zisingeyafikia majani yale hata kwa kuruka, wakaja kula chini ya kidevu chake. Akalivunja la pili. Nilikuwa nimesikia wawindaji wakisimulia kwamba pofu huvunja matawi kwa pembe, lakini sikuwahi kuona, kwa sababu kila pofu niliyemkuta kabla ya siku ile nilimkatiza shughuli zake ndani ya dakika moja. Nikaondoa kidole kwenye kifyatulio ili niangalie vizuri zaidi, na sikukirudisha tena. Tulikaa pale kwa zaidi ya nusu saa, mpaka mlio wa miguu yao ukapotelea bondeni.

Wapo watu wanaodhani kwamba mwindaji anayefanya hivyo ameokoka. Historia haisemi hivyo. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyepiga picha za wanyama usiku kwa mwanga wa baruti katika nchi tambarare zinazozunguka Kilimanjaro mwanzoni mwa karne ya 20, aliwaua wengi kabla ya hapo na wakati huohuo. Denys Finch Hatton aliishi kwa kuwaongoza matajiri kuwinda, lakini ndiye aliyelalamika hadharani kuhusu watu waliokuwa wakiwapiga simba wa Serengeti kutoka ndani ya magari, na kabla ya kufa kwa ajali ya ndege huko Voi mwaka 1931 alikuwa akiwashawishi wageni wake wabebe kamera. Jim Corbett wa India alianza kuwapiga chui milia picha za sinema akiwa bado anaitwa kuwaua wale waliokula watu, akaja kumalizia maisha yake Nyeri, alikofariki mwaka 1955. Wote watatu walijua kunyata, kusoma upepo na kusubiri. Bila elimu hiyo ya uuaji, sidhani kama picha zao zingekuwepo.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na siulaumu uamuzi huo. Ninachosema ni kwamba anayekatazwa hana la kuamua, na mtalii aliyeketi ndani ya gari lenye paa lililofunguliwa (dereva akiwa amekwisha kuambiwa kwa redio simba wamelala wapi) naye hana la kuamua. Kwangu mimi uamuzi ulikuwa na bei. Ada ya leseni hairudishwi. Kijijini kulikuwa na watu waliokuwa wakingojea nyama, na pofu dume mzima anaweza kufikia kilo 900. Askari aliandika nyuma ya leseni yangu kwamba sikuua, akanirudishia bila kuniangalia. Mwaka uliofuata nilichukua leseni ya ngiri, na ngiri huyo nilimpiga, tukamla.

Njia nzima ya kurudi mzee hakunisemesha, na nilimwelewa, kwani sehemu ya ujira wake ilikuwa nyama. Usiku tulikula ugali kwa mlenda. Tulipokuwa katikati ya chakula, akaweka tonge chini, akavikunja viganja vyake viwili juu ya paji la uso kama pembe, akageuza kichwa polepole upande mmoja.

"Lile tawi la pili," akasema, "lilikuwa nene kama mkono wangu. Uliliona?"

Nikamjibu kwamba niliona. Akaokota tonge lake, akalichovya.