Nilivyoikinga roshani ya ghorofa ya nne
Tulipohamia ghorofa ya nne hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, nilianza kwa kuukagua ukingo wa roshani, nikaukuta unanifika kiunoni na una nondo za kulala, zile ambazo mtoto anayeanza kutembea huzipanda kama ngazi. Majirani wakaniambia nisihangaike, eti mtoto akikanywa mara mbili tatu huelewa. Ushauri huo unaniudhi hadi leo, kwa sababu mtoto wa mwaka mmoja na nusu hana habari na kimo. Yeye huona kitu kinachopandika, akakipanda.

Jirani mmoja alinielekeza nifunge wavu wa kuku kwa waya mwembamba, kama alivyofanya kwake. Niliufunga, lakini kabla ya kuuamini nilijaza mchanga kwenye gunia hadi uzito wake ukakaribia wa mwanangu, kilo kumi na kitu hivi, nikalisukuma kwa nguvu za mtoto anayekimbia. Upande mmoja ulifumuka papo hapo, gunia likaning'inia nusu ndani, nusu nje, mchanga ukimwagikia nguo zilizoanikwa ghorofa ya chini. Nililitazama gunia lile nikatetemeka, na jioni hiyohiyo nikaung'oa wavu.

Fundi wa kuchomelea niliyempata Kariobangi alitaka kuniwekea maua na nondo za kulala kwa kuwa ndio mtindo. Nilikataa, nikataka nondo za kusimama, zipande juu hadi karibu na dari, na nafasi kati yake isifike sentimita 10, kwani mwili wa mtoto mdogo huweza kupenya mahali ambapo kichwa chake kitanasa. Nilichonga kipande cha ubao chenye sentimita 10 kila upande, nikamkabidhi. "Fundi, kikipita popote, kazi haijaisha." Akanijibu, "Mama, wewe ni mkali," lakini alikijaribisha kila mahali, na pale penye kona kilipopita aliongeza nondo bila kubishana. Najivunia ubao ule kuliko vyuma vyenyewe, na sasa wapangaji wenzangu huuazima.

Gharama ilikuwa elfu kadhaa, na mwenye nyumba aliridhia nilipomwahidi kwamba vyuma vitabaki nikihama. Sehemu moja inafunguka kwa kufuli, na ufunguo unaning'inia juu ya mlango, mkono wa mtu mzima unapofika hata gizani, kwa maana vyuma visivyofunguka ni hatari moto ukizuka. Viti na ndoo niliviondoa kabisa pale, kwa sababu mtoto akisimama juu ya ndoo, kimo cha ukingo hakina maana tena.

Jikoni nilikuwa na meko, ule mtungi mdogo wa gesi wenye kichomeo juu yake, ambao wengi wetu huuweka sakafuni. Sufuria zetu hazina mkono, na zikikaa pale, uji unaochemka huwa usawa wa uso wa mtoto. Nilinunua jiko la mezani lenye mpira wa gesi. Kitambaa cha kufuma nilikitoa mezani, maana mtoto akikivuta, chupa ya chai humwangukia. Beseni la kuogea hupata maji baridi kwanza, ndipo ya moto yaongezwe, na dramu tunalohifadhia maji ya mgao lina kifuniko kizito.

Mtoto wa jirani alipomwagikiwa chai, tulimvua nguo iliyolowa na kummiminia maji safi ya mtungi kidogo kidogo, kwa sababu bomba lilikuwa kavu, tukaendelea kwa dakika 20 huku tukimfunika sehemu nyingine asipate baridi, kisha tukafunika kidonda kwa kitambaa safi na kumkimbiza hospitali. Bibi mmoja alikuwa amesimama mlangoni na dawa ya meno, mwingine na unga. Niliwazuia wote wawili kwa heshima, kwani vitu hivyo huzuia joto lisitoke kwenye ngozi, na daktari hulazimika kuvisafisha kwanza, mtoto akilia, ndipo aone ukubwa wa jeraha.