Programu ya zamani isiyo na maelezo: anzia kwenye data

Tuseme umekabidhiwa programu ya stoo ya duka la dawa hapa Bukavu: imeandikwa kwa PHP, data iko MySQL, mafaili mia tatu, maelezo hakuna, majina ya safu za majedwali (column) ni Kifaransa kilichokatwakatwa. Usianze kusoma msimbo kuanzia faili la kwanza. Utachoka kabla hujaelewa kitu.

Chukua nakala ya programu pamoja na data yake, iweke kwenye mashine yako, kisha toa umbo la majedwali kwa amri ya mysqldump --no-data --routines --events. Hizo mbili za mwisho watu huzisahau. Triga (amri zinazojiendesha data ikibadilika) hutoka zenyewe, lakini taratibu zilizohifadhiwa na kazi za ratiba hazitoki usipoziomba, na mara nyingi hesabu inayokusumbua imejificha humo humo.

Halafu fuata tendo moja tu. Kwenye nakala yako washa general_log, logi ya MySQL inayoandika kila amri inayopokelewa, uza boksi moja la parasetamoli, zima. Soma amri za SQL zilizopita, moja moja, kwa mpangilio. Ukiona UPDATE inagusa safu iitwayo tx_j, itafute kwenye mafaili yote ya msimbo kwa grep -rn. Huenda ni taux ya siku, yaani kiwango cha kubadilisha dola kwa faranga, na kumbe inaandikwa sehemu mbili tofauti. Hapo ndipo jumla ya kaunta na jumla ya ripoti huachana. Logi usiiache ikiwaka, itajaza diski.

Angalia pia crontab -l, yaani orodha ya kazi ambazo seva huziendesha yenyewe kwa ratiba, ya root (msimamizi mkuu) na ya mtumiaji anayeendesha seva: skripti ya usiku haionekani kwenye menyu yoyote.