Kalcha ya yogati ilivyonitesa Kisumu

Aliyeniuzia kalcha aliniambia, "Wewe weka tu kwa friji, mama, haina shida." Sijamsamehe. Ule unga ni bakteria hai waliokaushwa, wale wanaogeuza maziwa kuwa yogati, na pakiti moja inazidi maziwa ninayopika, kwa hiyo lazima nifungue nibakishe. Hapo ndipo balaa.

Mara ya kwanza niliitoa kwenye friza nikaikata papo hapo, saa nane mchana, jua la Kisumu linachoma na hewa ya ziwa imejaa maji. Mnajua soda baridi inavyotoka jasho mezani? Pakiti yangu ilitoka jasho ndani, juu ya unga. Nikachota, nikakunja mdomo, nikaubana kwa kibanio cha nguo. Nikajiona mwanasayansi!

Wiki mbili baadaye nikachemsha lita 20, nikapoza hadi nyuzi 43, nikatia unga ambao sasa ulikuwa umeshikana mabonge. Kawaida saa sita zikipita yogati imeshika. Zikapita sita: maziwa. Zikapita tisa: maziwa. Usiku wa manane nimesimama na kijiko, mume wangu ananiuliza kama nayafanyia maombi. Asubuhi yalinuka, wakala nguruwe wa jirani.

Kumbe ni ule unyevu! Nilijaribu mchele uliokaangwa ili uunyonye. Afadhali, ila si sana. Dawa niliipata soko la Kibuye, kwa wauza viatu: vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokaa ndani ya boksi la viatu, vilivyoandikwa usile. Kijana akacheka, "Anti, hata hivi unataka?" Akanijazia mfuko bure, nami kwa aibu nikanunua ndala za mia mbili na kitu. Vinakuwa vimeshanyonya unyevu, kwa hiyo navimimina vile vichembe kwenye sufuria vikauke, moto mdogo kabisa, kisha vinapoa ndani ya chupa iliyofungwa.

Sasa pakiti mpya siifungui hadi ikose ubaridi kabisa mkononi. Naigawa haraka kwa kijiko kikavu kwenye vichupa, kila kimoja cha mpiko mmoja, vyote ndani ya mtungi wenye vichembe (visiguse unga), mfuniko kaza, friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Siku ya kupika natoa kichupa kimoja, nakiacha kimefungwa kama nusu saa. Vingine havioni hewa. Stima ikipotea, na hapa inapotea, mtungi umezungukwa na chupa za maji yaliyoganda.

Pakiti ya Januari niliimaliza Juni. Kichupa cha mwisho kilishika kwa saa sita na nusu.