Tezi dume inayouma na mambo ya chumbani, mimi nilivyotoka

Wanaume wenzangu mwenye prostataitisi sugu, yaani tezi dume inayouma muda mrefu, asome hii. Siyo ile tezi dume ya wazee kuziba mkojo, hii inatupata hata sisi vijana. Mi ni bodaboda, kijiwe changu Buzuruga hapa Mwanza, na kukaa kwenye siti kutwa ndo kunaichokoza zaidi, inauma huku chini kati ya korodani na haja kubwa, mkojo kila saa, na ukimaliza tendo ndo moto wenyewe. Vipimo havikuona bakteria, wengi wetu ndo iko hivyo, kwahiyo antibayotiki zilinivuruga tumbo tu.

Sasa mwili ukishazoea kwamba raha inaishia kwenye maumivu unagoma mapema, unapanda kitandani na hofu, hofu inaua nguvu, kesho yake unaogopa mara mbili. Kijiweni dawa ni moja tu, vumbi la Kongo, ile ya kuongeza nguvu za kiume, hata hawakuulizi unaumwa nini! Daktari yeye akaniuliza, asubuhi inasimama? Nikamwambia mbona vizuri tu. Akasema basi hiyo ni dalili nzuri, mishipa inafanya kazi, kamuone mwanasaikolojia, uende na mama watoto.

Yule dada mwanasaikolojia kitu cha kwanza akatupiga marufuku tendo. Wiki kadhaa ni kushikana tu, mgongo, mikono, kichwa, sehemu za siri hapana, baadaye ndo anaruhusu kidogo kidogo. Akasema njia hiyo ilitoka kwa Masters na Johnson, watafiti wa mambo ya tendo wa Marekani, toka 1970. Mke wangu alicheka sana siku ya kwanza, ila mimi nikapata usingizi, maana hakuna mtihani wa kufeli.

Pia akanifundisha kupumua kwa tumbo huku naachia ile misuli unayobana ukizuia mkojo. Mtandaoni kila mtu anakwambia bana bana uongeze nguvu, kumbe ukiwa na maumivu haya mara nyingi misuli imeshakaza yenyewe, ukizidi kubana unaweza kujiumiza zaidi. Halafu yale mawazo ya "hii kansa tu" akawa ananiandikisha kwenye daftari, tunayapekua moja moja, daktari alisema nini, vipimo vilisema nini.

Nguvu zilirudi kabla maumivu hayajaisha. Mpaka leo nikipeleka abiria mbali, labda Usagara kule, jioni inauma, namwambia mama watoto leo mgongo tu, ananikanda tunalala.